Mapito ya Joto: Nyumba, Upepo na Mashine Katika Pwani ya Kusini

Mwenda pole hajikwai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwasa kijana mwenye pupa, au bwana harusi mtarajiwa ambaye bado hajazijua tabia za wakwe zake. Ni nadra kuisikia ikinasibishwa na mashine. Hata hivyo, anayechunguza jinsi joto linavyohamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine atabaini kwamba maneno hayo machache yamebeba kanuni nzito ya fizikia. Joto likisukumwa kwa nguvu na kwa mwendo wa kukurupuka, hudai malipo makubwa. Likipewa njia fupi, iliyo wazi, na mwendo wa utaratibu, hupita kwa gharama ndogo. Makala haya yanaliangalia jambo hilo katika Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani, kupitia Ukunda, hadi Msambweni, ambako linagusa mfuko wa mwenye nyumba na, wakati mwingine, usingizi wa mzee aliyelala chumbani.

Mwenyeji wa Kwale hahitaji kufunzwa joto ni nini. Msimu wa kaskazi, hususan mwezi wa Februari na Machi, kipimo cha mchana hufika nyuzi 32 hivi, nao unyevu wa bahari hulizuia jasho kukauka mwilini. Pepo za kusi zikishatulia katika mwendo wake, kufikia Julai na Agosti, watu hupata nafuu. Licha ya misimu hiyo miwili, kila siku ina mzunguko wake mdogo: mchana upepo hutoka baharini ukaja barani, na alfajiri umande hushuka kutoka barani kuelekea baharini. Wazee walijenga wakiujua mzunguko huo. Nyumba ya Kidigo ya fito na udongo iliezekwa kwa makuti, na baina ya ukuta na paa paliachwa uwazi ambao hewa ya moto iliutumia kutoka bila ya kusindikizwa. Msikiti wa Kongo, ulioko kwenye mlango wa mto Mwachema huko Diani, umesimama kwa karne kadhaa ukiwa na kuta nene za mawe ya matumbawe. Kuta za namna hiyo hupokea joto polepole na kuliachilia polepole. Katika Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2008, mgeni hupokewa na ubaridi pindi aingiapo chini ya miti. Kivuli ni sehemu tu ya sababu. Majani nayo hutoa maji kwa njia ya mvuke, na kila tone linapogeuka mvuke huondoka na joto.

Nyumba nyingi zinazojengwa leo zimeuacha ujuzi huo njiani. Paa ni la bati au la zege lisilo na kivuli, madirisha ya vioo yanalitazama jua la magharibi, na ua mrefu wa mawe umeuziba upepo kabla haujafika mlangoni. Baada ya hapo huletwa kiyoyozi ili kisahihishe makosa ya ramani. Kiyoyozi hakina hatia yoyote katika jambo hili. Ni chombo cha ajabu, na mtu akikielewa kinaweza kumtumikia kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba lugha tunayoitumia kukihusu hutupotosha. Husemwa kwamba kinaleta baridi, kana kwamba baridi ni kitu kinachotengenezwa ndani ya sanduku lile jeupe na kumwagwa chumbani. Kwa hakika hakuna kitu kama hicho. Kilichopo ni joto peke yake, na kazi ya mashine ni kulichota chumbani na kwenda kulitua nje. Kwa hiyo kiyoyozi, jokofu la jikoni, na ile mitambo inayopasha moto nyumba za Ulaya wakati wa baridi ni ndugu wa baba mmoja. Wote ni pampu za joto.

Ukoo huo una historia ndefu. Mnamo mwaka wa 1824 Mfaransa Sadi Carnot alichapisha kitabu kilichoeleza mpaka wa kazi inayoweza kupatikana joto linaposhuka kutoka penye moto hadi penye baridi. Mwaka wa 1852 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha kuwa mtambo ungeweza kuichota hewa ya nje na kupasha nayo nyumba. Miaka michache baadaye, Peter von Rittinger alijenga huko Austria mtambo wa aina hiyo kwa ajili ya kukausha maji ya chumvi. Kisha mwaka wa 1902 Mmarekani Willis Carrier akabuni mfumo wa kudhibiti hewa ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Ikumbukwe kwamba lengo lake la kwanza halikuwa kuwastarehesha watu. Lilikuwa kupunguza unyevu ambao ulikuwa ukiharibu karatasi. Mkazi wa Pwani anapaswa kulishika sana jambo hili, kwa kuwa kinachomtesa usiku wa Machi ni unyevu sawasawa na joto lenyewe.

Hesabu ya Carnot ni rahisi, na yafaa kufafanuliwa kwa mfano. Chukua mashine ambayo koili yake ya ndani ina nyuzi 10 na koili yake ya nje ina nyuzi 45. Pengo lililopo ni nyuzi 35. Kwa mujibu wa nadharia, kila kipimo kimoja cha umeme hakiwezi kuhamisha zaidi ya vipimo 8 hivi vya joto. Mashine halisi hupata sehemu tu ya kiasi hicho, aghalabu vipimo 3 au 4. Sasa tuseme koili ya nje imekosa hewa ya kutosha, ikapanda hadi nyuzi 55. Pengo limekuwa nyuzi 45, na kikomo cha nadharia kimeshuka hadi 6 na ushei. Nyuzi 10 zimekula zaidi ya sehemu moja katika tano ya ufanisi wote, yaani asilimia 2 hivi kwa kila uzi mmoja. Anayetaka kupunguza gharama hana budi kulipunguza pengo. Na pengo hupunguzwa kwa kuipa hewa, au maji, nafasi ya kupita.

Mambo haya yalijitokeza bayana katika nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu huko Msambweni. Mwalimu huyo aliishi na mama yake, bibi aliyekwisha kupita miaka 80, na ambaye kaskazi moja ilimwelemea kiasi cha kushindwa kulala. Wajukuu walioko Mombasa walichanga fedha, wakanunua kiyoyozi kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa dukani, kwa imani kwamba mapenzi hupimwa kwa ukubwa wa zawadi. Kikafungwa katika chumba chake, chumba kidogo chenye dirisha moja. Kilipowashwa, baridi ilikuja kwa dakika chache, kikajizima. Punde si punde kikawaka tena, kikazima tena, usiku kucha. Shuka za bibi zikawa na unyevu, viungo vikamuuma, naye akaanza kuomba arudishiwe joto lake. Tokeni za umeme zilizozoeleka kutosha mwezi zikawa zinaisha katika wiki ya pili. Fundi wa kwanza aliitwa mara mbili, na mara zote mbili akajaza gesi na kulipwa. Wajukuu wakapendekeza inunuliwe mashine kubwa zaidi.

Kabla ya hilo kufanyika, aliletwa fundi mwingine kutoka Ukunda, kijana mpole ambaye hakuufungua mkoba wake wa vifaa kwa muda mrefu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Mashine hii imetushinda. Ukiiwasha ni Limuru, ukiizima ni jikoni.”

“Shikamoo, bibi. Umeamkaje?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimeamka, lakini sikulala. Nyumba hii wameiziba pua.”

Kijana alitabasamu, akaomba ruhusa azunguke nje. Huko alikuta sehemu ya nje ya mashine imebanwa kwenye ujia mwembamba baina ya ukuta wa nyumba na ukuta wa ua, na juu yake limewekwa bati ili isinyeshewe. Aliuning’iniza uzi mbele ya feni. Uzi ulipeperuka kwenda mbele, kisha ukavutwa nyuma. Hewa ya moto ilikuwa ikigonga ua na kurudi kumezwa na mashine ile ile iliyoitoa. Mapezi yake ya alumini yalikuwa yameshikwa na chumvi ya bahari. Ndani nako, kichujio kilikuwa kimefunikwa na vumbi zito kama kipande cha blanketi, na nyuma yake koili ilikuwa imeanza kuganda barafu kwa kukosa hewa.

“Gesi haikupungua, Mwalimu,” alisema. “Gesi hailiwi kama mafuta ya taa. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua pana tundu, na tundu huzibwa kwanza. Hapa mashine imenyimwa pumzi tu.”

“Na ukubwa wake?”

“Ukubwa ndio unaomfanya bibi alowe. Inapoza hewa upesi mno, inajizima kabla haijapata muda wa kuukausha unyevu. Ingekuwa ndogo ingefanya kazi polepole usiku mzima, na maji yangekuwa yanadondoka nje badala ya kukaa kwenye shuka.”

Mashine haikuweza kurudishwa dukani. Kwa hiyo fundi alifanya yaliyowezekana. Bati liliondolewa, na sehemu ya nje ikahamishiwa upande wa kusini penye uwazi na kivuli cha mwembe. Mapezi yalioshwa kwa maji yasiyo ya chumvi, na Mwalimu akaelekezwa ayaoshe hivyo mara kwa mara. Kichujio kilisafishwa. Juu ya mlango wa chumba palitobolewa uwazi, na mlango wa sebuleni ukaachwa wazi usiku, ili mashine ile kubwa ipate hewa nyingi ya kushughulikia na iache kuwaka na kuzima. Rimoti iliyokuwa imewekwa nyuzi 16 ilipandishwa hadi 26, na feni ndogo ikawekwa kona moja kuisambaza hewa. Dirisha la magharibi lilijengewa kipaa cha makuti. Kazi hii ya mwisho aliifanya seremala wa jirani kwa gharama ndogo kuliko ule ujazaji wa gesi wa mara moja. Siku zilizofuata tokeni zilidumu, shuka zikakauka, na bibi akalala. Pepo za kusi zilipotulia, dirisha lilifunguliwa na mashine ikazimwa kabisa hadi msimu mwingine.

Msomaji anaweza kuuliza iwapo kanuni hii inahusu hewa peke yake. La hasha. Inahusu maji vilevile, na pengine zaidi. Kijana huyo huyo aliwahi kuitwa katika nyumba moja ya wageni huko Diani, ambako maji ya kuogea yalipashwa moto kwa pampu ya joto. Mwenye nyumba alikuwa ameshauriwa kuweka tangi la pili baina ya tangi la mashine na mabomba ya vyumbani, kwa hoja kwamba akiba haiozi. Pampu ndogo ya kuzungusha maji ilikuwa ikienda kwa kasi yake yote mchana na usiku. Wageni walilalamika kuwa maji ni vuguvugu. Kila walipolalamika, kipimo cha mashine kilipandishwa, na kila kilipopandishwa, gharama iliongezeka.

Kosa la mpango huo linaeleweka kwa mfano wa chai. Mtu akiwa na kikombe kimoja cha chai ya moto na kingine cha maji baridi, akavichanganya, joto lote lililokuwapo bado lipo. Hakuna hata chembe iliyopotea. Lakini chai imekufa. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya tangi. Maji yakiachwa yatulie, ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini, kila moja kwa daraja lake. Anayechota juu hupata maji moto, na mashine inayopokea ya chini hufanya kazi kwa wepesi kwa sababu imepewa maji baridi ya kupasha. Yakikorogwa na pampu yenye pupa, madaraja huvunjika, yote yakawa vuguvugu, na mashine hulazimika kupanda nyuzi nyingi zaidi ili mgeni apate kile kile alichokuwa akikipata awali. Zaidi ya hayo, maji vuguvugu yaliyotuama ni makazi ya vijidudu vinavyoweza kuyadhuru mapafu. Fundi aliliondoa tangi la pili, akaipunguza kasi ya pampu ndogo, na kuhakikisha kuwa maji moto yanaingia juu na ya baridi yanaingia chini. Baada ya hapo kipimo kiliweza kushushwa tena, bila ya kuvuka chini ya kile kinachozuia vijidudu kuzaliana.

Katika nchi za baridi, mjadala huu ni mkubwa. Huko, pampu ya joto hupeleka maji kwenye mabomba yaliyolazwa sakafuni, na nyuzi 35 hivi hutosha kulipasha jumba zima. Mafundi wengi wamezoea kuweka tangi la kati ili upande wa mashine na upande wa nyumba kila mmoja uwe na mwendo wake. Pande mbili zikitofautiana, hasara huanza. Mashine ikipeleka maji mengi kuliko yanayochukuliwa na nyumba, maji moto hugeuka tangini na kurudi yalikotoka bila ya kumfaa yeyote. Nyumba ikichukua mengi kuliko yanayoletwa, maji yaliyopoa hujichanganya na yale yanayokwenda vyumbani. Hapo mashine itatakiwa kutoa nyuzi 40 ili sakafu ipate 35, na zile nyuzi 5 za kati hulipiwa kila saa ya majira yote ya baridi. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoshauri tangi liondolewe, mashine ichaguliwe kwa kadiri ya nyumba, vali za vyumba ziachwe wazi, na mwendo wa maji usawazishwe. Maji yaliyomo katika mabomba na uzito wa sakafu yenyewe vitatosha kuwa akiba. Ni kile kile alichokifanya fundi wa Ukunda alipoufungua mlango wa sebule.

Kwa watu wa Msambweni, tangi la kati linaweza kuitwa dalali. Mvuvi anapoteremsha samaki wake, kila mkono unaosimama baina yake na mlaji hukata kitu chake. Mama karanga anayenunua moja kwa moja penye mashua hupata samaki wabichi zaidi na kwa bei nafuu. Samaki wakipitia mikono mitatu, bei hupanda na ubichi hushuka. Joto nalo lina madalali wake.

Hata hivyo, si haki kuihukumu kila akiba kwa kosa la dalali. Barafu ambayo wachuuzi huifungasha pamoja na samaki ni akiba, na bila hiyo samaki wa asubuhi wangeoza kabla ya jioni. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji ya kiasi hicho hicho kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Vilevile, yapo majokofu ya chanjo yanayoendeshwa moja kwa moja na paneli za jua bila ya betri. Mchana huganda barafu ndani yake, na usiku barafu hiyo huizuia chanjo isivuke kiwango chake cha nyuzi 2 hadi 8. Betri, ambayo hufa baada ya miaka michache, ndiyo iliyokuwa dalali, nayo imeondolewa. Barafu imebaki kwa sababu jua huchwa na samaki husafiri. Akiba ina maana pale ambapo chanzo hukatika. Pale ambapo chanzo na mahitaji huenda pamoja saa zote, akiba ya kati huwa ni mlango wa hasara.

Jambo hili lina upande mwingine unaopita kuta za nyumba moja. Gesi inayozunguka katika viyoyozi vingi, mathalani ile iitwayo R-410A, ikiachwa itoke hewani huipasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito sawa, kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo sababu mnamo Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo kwa awamu. Kwa hiyo fundi anayejaza gesi bila ya kulitafuta tundu anamdhulumu mteja wake leo, na kuwadhulumu wavuvi wa Gazi na Vanga kesho, kwa kuwa bahari yao ndiyo inayopashwa moto.

Ama kwa wanaojenga sasa katika Pwani ya Kusini, mpangilio wa hatua uko wazi. Kwanza ni kivuli na njia ya upepo, kwa sababu hivyo havina tokeni. Pili ni kulizuia jua la magharibi lisiingie. Tatu, ikiwa mashine ni lazima, ichaguliwe kwa kipimo cha chumba na si kwa kipimo cha mapenzi, iwekwe mahali inapoweza kupumua, na ivumiliwe ifanye kazi polepole. Mwisho, kila kinachopendekezwa kuongezwa katikati ya njia, kiwe ni tangi, pampu au bati la kukinga mvua, kiulizwe kwanza kinamfaa nani. Wapo mafundi mjini Ukunda wanaolijua jibu, na wanaweza kulieleza kwa Kiswahili fasaha kwa yeyote atakayekuwa na subira ya kuwasikiliza kabla ya kununua.